Nani Alikaza Nati Hii

Mbale, dukani kwa Nambozo, saa nne na nusu.
Mvua imetuacha Sironko, lakini matope ya Chesower
bado yameng'ang'ania buti zangu, nami nakanyaga vigae vyake
kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Imesimama pale. Ndefu, nyembamba kiunoni,
kijani cha jani la mgomba kabla halijakunjuka,
matairi yenye meno, shokomzoba kama miguu ya korongo.
"Dokta, panda tu," anasema Nambozo. "Kukaa hakulipiwi."
Nakaa. Vidole vinafika chini. Visigino havifiki.

Milioni kumi na nne. Mwaka juzi ilikuwa ishirini na mbili.
Siulizi kwa nini; kila fundi wa Bukwo ananiambia kwa nini.
Kiwanda kilianguka. Huko kwao ng'ambo malango yalitiwa kufuli,
watu wakasimama nje na vyakula vyao vya mchana mkononi.
Sasa kimepata mwenyewe mpya. Mashine, wanasema, zinanguruma tena.

Mimi Chesang ni daktari wa mifugo.
Nabeba mtungi wa mbegu za fahali
kutoka Suam hadi pale njia inapogeuka mfereji
na mfereji unapogeuka jiwe.
Pikipiki niliyonayo hufika Riwo, kisha huomba radhi.
Kuanzia hapo ni miguu yangu, na ng'ombe aliye kwenye joto hangoji mtu:
ukichelewa, umepoteza siku ishirini na moja,
na mwenye ng'ombe atakutazama siku zote hizo.

Miaka kumi na moja nimewaambia watu
wasinunue ng'ombe aliyeinuka jana.
Homa ya maziwa humlaza, shingo imepindia ubavuni,
masikio baridi kama jembe la alfajiri.
Unampa dripu ya kalisiamu, polepole, sikio kwenye moyo wake,
naye anatetemeka, anapiga mbweu, anasimama,
na mwenyewe anamkimbiza mnadani kabla hajalala tena.
Ndivyo ninavyowaambia.

Lakini yupo yule mwekundu wa Mangusho.
Alianguka mara mbili, mimi nimepiga magoti kwenye samadi.
Juzi amezaa wa sita, akanipiga teke.

Nashuka. Nachuchumaa. Natafuta tarehe
iliyogongwa shingoni mwa fremu, naipangusa kwa kidole:
mwezi wa tisa. Malango yalifungwa wa kumi.
Basi nani alikaza nati hii,
siku ambazo mshahara ulikuwa ahadi?
Aliizungusha akiwaza kodi ya nyumba,
akaiacha nusu, akasema watajua wenyewe?
Au alikuwa yule mtu, maana kila mahali yupo mmoja,
asiyeweza kuacha nati nusu hata paa likiungua?

Naomba spana, namba kumi na saba. Navuta.
Haisogei.
Navuta ya pili yake. Inakubali robo mzunguko.

Nambozo anacheka: "Dokta, unampima mimba?"
Dhamana? "Miaka miwili."
Ya nani? "Ya kiwanda."
Kile kilichokufa au hiki kilichofufuka?
Anatazama nje, kwa wauza parachichi.

Bahasha ya Sacco ya maziwa iko kifuani, inatoa jasho nami.
"Niuzie kwanza waya wa klachi," nasema,
"cheni mbili, chujio la mafuta, pedi za breki.
Za kiwanda. Za mwaka huu."
"Bila pikipiki?"
"Bila."

Anaingia stoo. Nasikia maboksi yakisukumwa,
mtu akipigiwa simu, mtu akikana.
Anarudi na waya mmoja na chujio lenye vumbi jembamba.
"Cheni na pedi ziko Mombasa. Wiki tatu."

Wiki tatu. Siku ishirini na moja.
Nalipa elfu sabini, nauzungusha waya
na kuuweka mkobani pamoja na glavu ndefu za kufikia begani,
na kabla sijatoka nairudia ile nati iliyokubali,
naikaza mpaka ikatae.