Kopo Chini ya Mnara

Waja saa saba, jua likiwa wima.
Hawaji kusoma mnara, wanasoma simu.
Wanazunguka nguzo mara tatu kama watambikao,
kisha mmoja hujifanya anafunga kamba za viatu,
na leo kavaa kandambili.

Mimi nafagia. Fagio halina macho,
ndivyo wanavyodhani.
Miaka kumi na mmoja niko bustani hii,
baina ya bajaji na wakamua miwa,
baiskeli zikinipigia kengele kana kwamba njia ni ya mama yao.
Najua jiwe lipi linacheza, ufa upi una siafu,
mlevi gani hulala upande wenye majina
na yupi upande usio na majina, penye kivuli.

Basi wale wawili walipoondoka wakicheka,
msichana akipangusa vumbi magotini,
nilisukuma fagio hadi pale,
nikainama, mgongo ukalia,
nikatia vidole vitatu ufani.

Kikopo cheusi, kile cha filamu za kamera za zamani.
Ndani: kifungo, sarafu isiyo ya kwetu,
kigari cha plastiki chenye tairi tatu,
karatasi iliyoviringwa mithili ya msokoto,
na kalamu ya risasi, fupi kama jino,
risasi pekee iliyosalia hapa.
*Usinitupe. Huu ni mchezo.
Ukinipata, andika jina, unirudishe.*

Mchezo.
Wameandika: Kobe Mwendokasi. Dada Dira. Bundi wa Saba Mchana.
Wenye majina wameyaficha kwa hiari yao.
Nikatazama juu, kwenye jiwe,
majina yamepangwa kwa vyeo, hata kufani kuna foleni.

Kwetu Mwanzange asali hailiwi.
Mkwe alileta dumu zima kutoka Handeni,
mama akalitoa nje bila neno,
akaliegemeza ukutani kama kiatu chenye tope.
Kwa nini? Ndivyo tulivyokuta.
Shangazi Mbeyu ndiye alijua nusu:
kwamba Kupaza, babu wa babu yetu, alibebeshwa sanduku
la Mjerumani, au la Mwingereza,
shangazi hakujali, sanduku ni sanduku;
kwamba mizinga ya moto ililia,
na mizinga ya nyuki, juu mitini, ikaitikia.
Neno moja, mizinga. Siku ile yote ilitema.
Nyuki hawakuuliza nani yuko upande gani.
Na Kupaza, mikono yote miwili kichwani, imeshika mzigo,
hakuwa na mkono wa kukinga uso.

Kutua? Aliyetua alichapwa.
Hakutua.

Hiyo ndiyo nusu. Nusu nyingine shangazi alikwenda nayo.

Nikaketi kwenye ngazi, jambo nisiloruhusiwa.
Muuza karanga akaniuliza naandika nini, nikamwambia deni.
Mkono wangu si wa kalamu, herufi zikapanda mlima
zikamwangukia Bundi kichwani,
lakini zilitosha. Sikuweka tarehe.
Nilikaribia kuandika *nimepata*
kama walivyoandika wenzangu, nikaacha,
maana sijui kati yetu nani kapata nani.
Nikaviringa, nikafunga, nikarudisha.
Siafu mmoja aliniuma. Mmoja tu.

Ijumaa akaja mwingine, peke yake, begi mgongoni.
Waja leo, waondoka leo.
Akazunguka, akafunga kamba (huyu alikuwa na viatu),
akafungua kopo.
Nikafagia palepale nilipokwisha kufagia.

Alisoma kwa midomo, kama mtoto wa chekechea:
Ku. Pa. Za.
Akageuza karatasi nyuma, akitafuta
kupaza nini.
Honi ya bajaji ikampitia.
Akainua uso, akaniona mimi na fagio,
na kwa mara ya kwanza bustanini humo
mtu akaniuliza jambo.