Hodi ya Tatu

Ofisi yetu Malindi iko juu ya duka la rangi:
vyumba viwili, feni moja,
na chini ya meza ya Bi Salha, juu ya kreti ya soda,
seva yenyewe: bei za pampu, madeni ya wakulima,
nani kalipa nusu, nani kaapa kwa mamake.

Wenzetu watatu hawapo. Wako njiani.
Kadzo yuko Garsen, anapima kina cha kisima,
Bwanaheri yuko Mpeketoni,
Karisa yuko Hola, katika gesti ya vitanda sita
yenye mtandao wa bure usio na mwenyewe.
Nao wanataka kuliona daftari kama sisi tulio hapa.

Nilipoajiriwa, mlango ulikuwa wazi kwa dunia nzima.
Neno la siri lilikuwa moja, la watu wote,
limebandikwa ukutani kando ya kalenda:
jina la mji na mwaka tulioanza.
"Sisi wadogo," akasema Bi Salha. "Nani atuibie?"

Nikamfungulia kumbukumbu za usiku.
Sisi tulifunzwa: bisha hodi mara tatu,
usipojibiwa rudi, wala usichungulie dirishani.
Huyu alibisha mara elfu nne mia moja na kumi na mbili
kati ya saa sita na alfajiri:
mimi msimamizi, mimi karani, mimi mgeni,
mimi jaribio, mimi moja-mbili-tatu-nne,
bila salamu, bila koo kukauka.
Bi Salha akavua miwani.
Akaibandua karatasi, akaichana,
vipande akavitia mfukoni, si pipani.

Siku nne nikachimba. Sina neno bora zaidi:
handaki jembamba ndani ya mtandao wa watu,
mdomo mmoja hapa kwenye kreti,
mwingine katika kompyuta ya kila msafiri.
Kinachopita humo, kwa aliye nje, ni mchanga.
Kila mtu na ufunguo wake. Hauazimwi,
hata na mume, hata dakika mbili.
Na juu ya ufunguo, tarakimu sita za simuni.
"Nikimaliza kuzisoma zimeshachacha!" Karisa akalalama.
Ndiyo. Zinachacha kila nusu dakika. Soma upesi.

Jumatano Kadzo akapiga kwa simu ya kuazima.
Mkoba umeibwa stendi, na kila kitu ndani.
Nikaufuta ufunguo wake kabla hajamaliza kulia.
Kisha akaomba mwingine, papo hapo, mteja anangoja.
Sauti ni yake. Lafudhi ni yake.
Lakini sauti siku hizi nayo huibwa.
"Siku yako ya kwanza kazini ulimwaga nini?"
Kimya. Punda analia huko aliko.
"Uji wa Bi Salha. Juu ya ankara.
Na wewe ndiwe uliyecheka."

Saa mbili usiku nikafika kwetu Muyeye,
macho yamejaa mistari ya kioo. Nikabisha.
"Nani?"
"Mimi."
"Mimi si jina."
Nikasimama pale, fundi mzima, nacheka peke yangu,
na mama, namjua, keshashika komeo
tangu aliposikia viatu.