Pijo la Baba

Siku ya tatu, zulia bado lilitoa maji nikilikanyaga.
Nikalaumu mpira wa kioo, nikalaumu mlango,
nikalaumu hata mvua ya Malindi,
kana kwamba imenichagua.

Ngumbao hakugusa spana. Aliomba poda ya mtoto,
akazipaka kingo zote kwa ndani,
akajikunja chini ya dashibodi:
"Mwaga. Polepole. Anzia chini, uje juu."

Kopo la nne, poda ikapata mchirizi.
Akatoka, akafungua boneti, akazamisha mkono
kwenye mfereji ulio chini ya kioo,
akatoa konzi mbili za majani ya mwarobaini,
meusi, yameshikana.
Maji yakaenda zake nje.

"Niyatupe?"

Ule mti tuliukata
mwaka aliofariki baba.