Daftari la Moshi

Daftari hili lilikuwa la Egshiglen, la hesabu za darasa la pili.
Mbele kuna kondoo aliowachora na masikio makubwa.
Nyuma nimeandika mimi:
Makaa ya mawe, magunia mawili.
Kuni za kuwashia, fungu moja.
Unga. Chumvi. Nauli ya kushuka mjini.
Dawa ya kikohozi, chupa ndogo.
Hapo nikatia nukta, kama mtu anayesema: basi, yamekwisha.

Huku kilimani, Ulaanbaatar ya mahema na uzio wa mbao,
baridi haibishi hodi.
Maji huganda ndooni kati ya kioski na mlango,
na jiko likizimika saa nane za usiku
kope hushikana na kope.
Usituulize kwa nini tunachoma.

Mwezi wa kumi na moja alikuja kijana wa wilaya na fomu:
jiko jipya, moshi kidogo, nusu ya bei juu ya serikali.
Ganzul akaishika karatasi kwa ncha za vidole.
"Khishigt amenunua?"
Hajanunua.
"Na wale wa lango la bluu?"
Wanangoja watuone sisi.
Basi mtaa mzima ukawa unauchungulia mtaa mzima,
hadi siku ya mwisho ya punguzo ikapita
kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha.

Mama mkwe alisema, moshi haujaua mtu,
mimi nimelelewa ndani yake.
Kisha akakohoa, akageuza uso,
nasi tukakistahi kikohozi chake.

Halafu Mwezi Mweupe ukakaribia.
Nyumba isiyo na mgongo wa kondoo mezani
itasemwa mpaka mwaka mwingine.
Fedha ya jiko ikawa mkia wa mafuta,
ikawa maandazi ya nyama mia nane, tuliyoyakunja usiku tatu,
ikawa soksi na chokoleti za kuwapa wageni wakiaga.
Sijutii. Naandika tu.
Shemeji walikula, wakasifu,
na Egshiglen pembeni, kimya,
akipumua kwa mabega.

Siku tisa hospitali.
Kitanda ni bure, walisema, na ni kweli:
kitanda ni bure.
Sindano si bure. Teksi ya saa tisa usiku si bure.
Wala supu ya kumpelekea,
wala siku tisa za cherehani yangu iliyonyamaza kiwandani,
wala pikipiki ya Ganzul, aliyomuuzia ndugu yake kwa bei ya kindugu,
yaani bei ya adui anayetabasamu.
Wodini watoto walilala wawiliwawili, kichwa huku, kichwa kule.
Sisi mama zao tuliketi sakafuni,
na kila mmoja wetu alijua bei ya lile jiko.

Tumelinunua sasa. Bei kamili, kwa mkopo.
Linawaka vizuri; bombani unatoka uzi mwembamba.
Lakini alfajiri nikifungua mlango
moshi wa Khishigt unaingia ukikanyaga kizingiti,
adabu zote kando.
Anachoma matairi tangu kazi imponyoke.
Juzi nilimpelekea maziwa, nikakusudia kumwambia.
Tuliongea habari za maziwa.

Usiku huu nimepiga mstari kwa rula.
Kulia, tulichotumia.
Kushoto nimeandika: moshi wa jirani,
na mbele yake sikuandika kitu.
Ningeweka tarakimu gani?
Kisha nikakumbuka miaka kumi na mmoja ya bomba letu,
jeusi, likitema kuelekea kwake kila upepo ulipogeuka.
Khishigt naye, kama ana daftari,
ametuandika kiasi gani?

Ng'ambo ya uzio mtoto wake anakohoa.
Natega sikio. Anakohoa tena.
Penseli imeisha ncha.