Gari la Kuchinja

Mnyama wa kafara, husema wenye dini,
asiwe chongo, asiwe kiguru, masikio yatimie.
Idwal hana dini zaidi ya kuchomelea vyuma,
lakini Jumamosi ile, mvua ya Bala ikitupiga mgongoni,
alinishika bega akaninong'oneza:
"Huyu ametimia."

Ilikuwa MG nyekundu ya mwaka sabini na moja,
paa likishuka nyuma taratibu kama kifuniko cha kinanda.
Mwenyewe mmoja tu tangu kiwandani.
Bi Prydderch alileta kopo la biskuti:
ndani yake risiti za petroli, zote,
miaka hamsini ya safari kwa mwandiko wa marehemu mumewe.
Akawasha. Injini ikaitika mara moja,
kama mtoto aliyeitwa na mtu anayempenda.

Nami nilishajua nitakavyoifanya.
Viti vya ngozi, nje. Zulia, redio, hita, nje.
Milango niitoboetoboe mpaka iwe nyepesi kama ungo,
madigadi niyakate, niyatanue, matairi yatune mabega,
ndani nisuke kizimba cha mabomba ya chuma,
na pale alipokaa mke miaka yote, ramani magotini,
nifunge mtungi wa kuzimia moto.
Yote hayo kwa dakika moja na nusu ya kupanda mlima
mwezi wa saba, mbele ya watu arobaini na mbwa wao.

"Utaikata?" Bi Prydderch akauliza.
Kiganja changu kilikuwa juu ya boneti. Ilikuwa na joto.
Nikasema bei imenishinda.
Bei haikunishinda.
Idwal hakunisemesha mpaka Ffestiniog.

Kizuri chajiuza; ya Ffestiniog ilikuwa ikijitembeza.
Buluu, imeng'arishwa hata mawingu yakapita juu yake,
na muuzaji akiizungusha uwanja mzima kutuonyesha.
Nikatoa sumaku niliyoifunga kwenye leso.
Nikaiweka chini ya mlango. Ikaanguka.
Nikaiweka juu ya gurudumu. Ikaanguka.
Chuma kilishahama zamani;
waliobaki nyumbani ni puti, rangi, na maneno.

Ya tatu ilikuwa zizini kwa Gethin Parri,
nyuma ya marobota ya majani makavu.
Chongo: taa moja.
Kiguru: magurudumu mawili, matofali mawili.
Masikio, yaani vioo vya pembeni, hakuna hata moja.
Injini alishaiuza kununulia kondoo dume,
na sakafu imeoza hata ukikaa unakanyaga samadi.
Nikalala chali topeni na tochi.
Nikagonga kwa bisibisi. Ngo. Ngo.
Nguzo zimenyooka. Uti wa mgongo mzima.
Paa halijawahi kuonja ardhi.
Kila nilichotaka kukitoa, kutu ilishakitoa,
bila kuniuliza, bila kumliza mtu.

"Hii maiti," Idwal akasema.
"Ndiyo maana," nikamjibu,
na sauti yangu ikarudi kutoka chini ya gari
kama ya mtu mwingine, aliyefurahi.

Gethin alitaka pauni mia tatu na sharti moja.
Kwenye kiti cha dereva, juu ya sponji iliyochanika,
kuku mweusi alikuwa ameatamia,
akinitazama kwa jicho la hakimu.
"Mngoje amalize."

Basi nikarudi nyumbani na msumeno wangu wa umeme,
nikapanga diski kwa ukubwa, kisha kwa ukali,
kisha nikakosa la kupanga.
Siku ya tisa nilipita pale, mahindi mfukoni.
Siku ya kumi na nne Idwal alikuja pia,
akajidai anapima ekseli.
Siku ya ishirini na moja, tumeinama dirishani,
tulisikia kitu kikigonga kutoka ndani,
polepole, kidogo kuliko bisibisi yangu.
Tukazima tochi.