Elfu Nne Zilizobaki

Lushinge, fundi wa Makoroboi, ameilaza kamera juu ya kanga kuukuu
kama mkunga anayempima mtoto wa mwenzake.
"Ilikuwa ya mpiga picha wa harusi.
Shata imefunguka mara elfu tisini na sita.
Waliyoiunda waliiahidi laki moja.
Ikivuka hapo, ni Mungu na vumbi."

Elfu tisini na sita zimekwenda kwenye keki,
kwa mashangazi waliofumba macho,
kwa bwana harusi anayekisaka kidole cha kuvisha pete.
Zangu ni elfu nne.

Kando yake iko nyingine, mpya, nyembamba, bubu.
Hiyo haina mlango wa kufungua. Inatazama tu.
Milioni ukitaka, wala haitachoka.
Bei yake mbuzi sita na deni juu.
"Ila kitu kikipita mbio itakipinda," ananionya,
"ndege atatoka na bawa la mpira."
Magugumaji hayana mbio, namjibu.

Maana kwetu Igogo, juu huko nyumba zilikoegemea mawe,
unaitazama ghuba mpaka chai inapoa
na huoni kitu kikisogea.
Unalala, kisiwa cha kijani kiko upande wa Kamanga;
unaamka, kimejilaza mbele ya wauza samaki
na maua yake ya zambarau,
mgeni aliyependeza, asiyesema ataondoka lini.
Nani aliyekiona kikivuka?

Piga kila sekunde kumi, wajuzi wanasema.
Kwa sekunde kumi
zangu zitakwisha kabla jua la siku ya kwanza halijazama.
Kila nusu saa, basi. Ishirini na nne kwa siku,
miezi mitano na siku za kuokoteza.
Katika nusu saa mtumbwi utavuka mzima usionekane.
Mvua itanyesha, nguo zitaloa, zitalaumiwa, zitakauka.
Mtu ataleta habari ya msiba, atakunywa maji, ataondoka.
Sawa.
Mwenye elfu nne hanunui kila kitu sokoni.

"Usiiache ijipimie mwanga yenyewe," Lushinge anafunga mkoba,
"picha zitapepesa kama umeme wetu.
Ifunike na wadudu wa ziwani, wakija hujaa hata puani.
Na hiyo miguu mitatu, ining'inizie jiwe."
Mawe, nikamwambia, tunayo.

Bado nilisita. Nikampigia mama,
ambaye mtoto wa jicho amemwachia ukungu tu na rangi ya mlango.
Nikamweleza: moja inakufa, moja haifi.
Akauliza swali moja.
"Ipi inayotoa sauti?"

Sasa iko dirishani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
betri ya pikipiki chini yake inahema.
Kta.
Mama hainui uso kwenye ungo,
vidole vinaitafuta chuya kati ya mchele.
"Yamefika wapi?"
Yanaisogelea feri, mama.
"Na yale madogo?"
Yamenasa kwenye nguzo.

Zimebaki ngapi, hajauliza.
Jana nilichelewa kurudi, foleni ya maji,
nikamkuta amekaa ameelekeza sikio ziwani.
"Imegonga mara tano ukiwa hupo," akasema.
"Mimi nilikuwepo."