Daraja Namba Kumi na Nne

Mwaka jana mpango ulikuwa kurasa mia mbili na tatu.
Leo ni mia tatu kasoro moja.
Ng'ambo ya mpaka wamehamisha brigedi,
nasi huku Latvia tumehamisha aya.

Kazi yangu ni madaraja. Siyajengi.
Nahesabu uzito wa kifaru, upana wa mto,
dakika za kupakia baruti, dakika za kukimbia,
na zile dakika zisizo na safu katika jedwali:
za kumsubiri aliye bado upande wa pili.

Kanali Ainis hunionya: "Vizma, usiyaite majina.
Yape namba. Namba haikuliizi."
Nikayapa.
Na namba kumi na nne
ndilo analolivuka shangazi Skaidrite kila Alhamisi
na chupa mbili za maziwa
na mbwa anayeogopa maji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Sisi tulikwenda na keekee,
tukatoboa sakafu ya daraja zima, imara, lisilo na kosa,
matundu sita juu ya nguzo,
tukayafunika kwa chuma cha rangi ya zege,
ili ufa uwepo tayari, ukae, usubiri kuitwa.

Tulidhani havionekani.
Januari nilimkuta shangazi ameinama na ufagio,
miaka themanini na sita mgongoni,
anafagia theluji juu ya vifuniko, kimoja kimoja.
"Visigande," alisema. "Mkija usiku, mna haraka,
mtahangaika na barafu."

Nikakosa la kusema. Akaegemea ukingo.
"La mbao walilipua nikiwa na miaka mitano.
Hakuna aliyetuambia.
Tulilala upande huu, tukaamka upande ule,
na mto haukuwa umesogea."

Njia nzima ya kurudi Riga
wipa zilifuta kioo, hazikufuta neno.
Usiku nikafungua jedwali,
nikaongeza safu: kuvusha watu.
Dakika arobaini.
Sikuwa nazo. Niliziandika hivyo hivyo,
kama mtu anayeandika deni
kabla hajajua atamkopa nani.

Asubuhi rasimu ilirudi kutoka kwa kanali.
Nilitazamia mstari mwekundu.
Safu ilikuwa palepale, haikuguswa,
ila pembeni, kwa penseli, kwa mwandiko mdogo
wa mtoto wa shamba ambao sikuwahi kuuona kwake:
Na ng'ombe?